Chambo Kikifa, Ndoano ni Chuma Tu: Mafunzo Niliyopata Kati ya Mto Epulu na Ziwa Albert

Kapitene tunayemla Bunia ana ndugu yake wa baharini. Watu wa Australia humwita barramundi, na wataalamu wamemwandika Lates calcarifer. Wa kwetu wa Ziwa Albert ni Lates niloticus. Ukiwalaza sahani moja itabidi uangalie mara mbili: paji lililobonyea, taya la chini lililotangulia, mkia wa mviringo, na macho yanayong'aa usiku yakipigwa tochi. Ulaji wao nao ni mmoja. Wote wawili huwinda samaki walio hai, na ndiyo maana wavuvi wa kule na wa huku wanahangaika na swali lile lile bila kujuana: ndoano ipi, na uifunge vipi, ili samaki mdogo aliyetobolewa aendelee kuogelea kama hajatobolewa?

Nimevulia maji ya pande mbili. Nyumbani ni Epulu, kwenye barabara ya Mambasa kwenda Niania, kando ya mto wenye jina hilo hilo. Baada ya shambulio la Juni 2012, lile lililoua watu na okapi 14 wa kituo cha uhifadhi cha pale Epulu, nilihamia Tchomia, ufukweni mwa Ziwa Albert, nikapanda pirogi za wenyewe kama kibarua wa ndoano. Sasa nimerudi mtoni. Maji haya hayakutani popote: Epulu huingia Ituri, Ituri huko mbele huitwa Aruwimi na kumwagikia mto Kongo, wakati ziwa linapeleka maji yake Nile hadi Misri. Ziwani nilimtafuta kapitene. Mtoni nawatega ngolo, yaani kambale, na mongusu. Mambo niliyoyashika kuhusu ndoano na chambo hai ni haya.

1. Ndoano hupimwa kwa chambo

Ingia duka lolote la vifaa vya uvuvi Bunia, usimame pembeni usikilize. Mteja anaeleza ukubwa wa samaki anayemtaka, anapanua mikono, na mwenye duka anamchagulia ndoano nene inayolingana na mikono ile. Chambo hakijatajwa. Kisha mtu huyo anafika ziwani, anamchoma samaki wa urefu wa kidole kwa chuma kizito, na kabla jua halijazama chambo kimelala ubavu.

Kapitene anaweza kuvuka kilo 100, lakini haihitajiki ndoano ya kutisha ndipo anaswe. Yeye hang'ati. Hufungua mdomo ghafla, maji yakavutwa ndani, na samaki mdogo akaingia pamoja na maji. Chambo kinachoogelea chenyewe huingia bila kizuizi. Kilichokufa kinaning'inia tu, na kapitene mara nyingi hukipita. Kinachomshika hapo ni ule uwazi kati ya ncha na mti wa ndoano. Nyama ya chambo ikiujaza uwazi huo, ncha haina pa kuingia: samaki anavuta, anatema, anakwenda zake.

Kwa hiyo naenda dukani na kijiti cha muhogo nilichokichonga unene wa mgongo wa chambo changu. Nakipitisha katikati ya ndoano. Kikibaki na nafasi kama hiyo hiyo pembeni yake, nanunua. Kikigusa ncha na mti kwa pamoja, narudisha hata kama bei ni nzuri. Wenye maduka wamenizoea, zamani walicheka.

Mzee aliyenifundisha kazi Tchomia alikuwa na ukaguzi wake mwingine. Kabla pirogi haijasukumwa alitia kwenye ndoo samaki mmoja aliyekwisha kutobolewa, akamtazama kwa utulivu. Akiona anaogelea kichwa chini, alimgeukia aliyemtoboa: "Kijana, huyu umemfunga nanga." Ndoano zote za aina ile zilirudi ufukweni.

2. Namba ya ndoano ni lugha mbili tofauti

Kwenye ndoano za kawaida zenye tundu, namba 12 ni ndogo kuliko namba 8, na namba 8 ni ndogo kuliko namba 4. Ukifika namba 1 hesabu inageuka: inafuata 1/0, 2/0, 3/0, na hapo kadiri tarakimu inavyopanda ndivyo ndoano inavyokua. Wavuvi wa barramundi wanaotumia chambo hai hupenda 4/0 hadi 8/0. Haya yote ni sawa, ila Ziwa Albert na Victoria zimejaa ndoano za ukoo mwingine: zile za baharini zenye kichwa bapa kisicho na tundu, zinazouzwa kwa boksi kwa ajili ya migonzo, kamba ndefu zenye ndoano nyingi. Namba 8 ya ukoo huu ni kubwa mara kadhaa kuliko namba 8 yenye tundu. Mtu akikutuma kwa simu "niletee namba 8" bila kusema ya kichwa kipi, usipande pikipiki kwanza.

Nabeba ndoano moja ya zamani kama mfano, basi. Na nikinunua, naikwaruza ncha kwenye ukucha wa dole gumba. Ncha ikiteleza, ndoano ni butu hata kama inang'aa. Ikishika ukucha papo hapo, inafaa. Baada ya hapo naibana ncha kwenye ubao na kuuvuta mti: ikinyooka kama udongo wa mfinyanzi ni chuma laini, ikikatika ni chuma kilichochomwa vibaya, na ninayoitaka hujipinda kidogo kisha hurudi.

Unene wa waya ni mjadala wa kila siku. Waya mwembamba humwacha chambo hai muda mrefu na huingia mdomoni mwa samaki kwa nguvu ndogo. Waya mnene haufunguki kapitene akikimbilia majani. Mimi huegemea wembamba. Nikimkosa mmoja mkubwa kwa ndoano kunyooka naumia, lakini chambo kilichokufa hukukosesha wengi ambao hata hutajua kama walipita.

3. Chambo bora ni kinachopumua hewa

Ukisikia wavuvi wa migonzo wa Mwanza au Kisumu wakihangaika, mara nyingi wanahangaikia kambale wadogo. Huko ni biashara inayojitegemea: wapo wanaowakusanya kwenye vinamasi na kuwauza kwa mvuvi wakiwa hai. Sababu ni moja. Kambale ana kiungo chenye matawi nyuma ya mashavu kinachomwezesha kuvuta hewa ya juu, kwa hiyo anakaa kwenye ndoo yenye maji kidogo, anasafiri juani, anatobolewa, na bado usiku kucha anazunguka kwenye ndoano.

Samaki wengine hawana subira hiyo. Ngege mdogo na furu hufa haraka ndoo ikijaa, na wale wadogo wa fedha wanaovuliwa kwa taa usiku, wanaoitwa muziri upande wa Uganda, hufa ukiwashika tu. Kama huna kambale na lazima utumie ngege, punguza idadi kwenye ndoo, badilisha maji mara kwa mara kwa maji ya pale pale unapovulia, na ndoo isikae karibu na tangi la injini. Mkono uliogusa petroli usiguse chambo. Usiguse kwa mkono mkavu pia, maana ute wa samaki ndio ngozi yake ya pili. Ukimfuta ute kwa kiganja kikavu anaanza kufa hapo hapo.

Kambale ana lawama moja: miiba ya mapezi ya kifuani. Huchoma, na kidonda chake huuma siku nzima. Mshike kutoka nyuma, kidole cha shahada na cha kati vikiwa nyuma ya miiba yote miwili, kichwa kikitazama mbali nawe. Wapo wanaoikata miiba kwa koleo ili kapitene asisite kummeza. Nimejaribu njia zote mbili na sioni tofauti kwenye idadi ya samaki. Naona tofauti kwenye vidole vya vijana wanaoanza.

Kuna jambo ambalo halina mjadala nami. Chambo hai cha ziwani hakiji Epulu, hata kama ndoo iko tayari garini. Sangara wa Victoria, ambaye Wakenya humwita mbuta, ni uzao wa kapitene: kuanzia miaka ya 1950 walichukuliwa Ziwa Albert, na baadaye wengine Turkana, wakatiwa maji ambayo hawakuwamo. Samaki wa biashara wakapatikana, viwanda vikajengwa. Lakini furu wakaliwa, na pamoja na uchafuzi na uvuvi, inakadiriwa kuwa aina zao kama 200 zilitoweka. Epulu imo ndani ya Hifadhi ya Wanyama ya Okapi, iliyoanzishwa 1992 na kuingizwa kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 1996. Kwa ndoo moja ya samaki wageni waliobaki, ukawamwaga mtoni kwa huruma, hifadhi yote inaingia kwenye kamari. Waliobaki wakaange.

4. Mahali pa kutoboa panategemea maji

Pana sehemu tatu. Midomoni, mgongoni, na karibu na mkia.

Mtoni, penye mkondo, natoboa midomo: ncha inaingia chini ya taya la chini na kutokea juu ya la juu, au kwa samaki mwenye mdomo laini napitisha juu peke yake. Hivyo anatazama mkondo unakotoka na kupumua vizuri. Ukimtoboa mgongoni kwenye maji ya mbio, mkondo unampiga ubavuni, unamsokota, na kamba yako inajiviringa hadi inakuwa fundo moja refu.

Ziwani kwenye maji yaliyotulia, mgongoni ndipo pake. Ncha inapita chini kidogo ya pezi la mgongo, juu ya uti. Hapo unahitaji mkono mwepesi: mfunike samaki macho kwa kitambaa kilicholowa, atatulia, bonyeza kwa kidole gumba usikie mfupa ulipo, kisha ingiza ndoano juu ya ule mfupa, upenye nyama tu. Ukisikia mkwaruzo, umegusa uti. Mtoe huyo, weka mwingine, kwa sababu mkia wake hautapiga tena.

Karibu na mkia ni kwa yule unayetaka akimbie mbele, aende chini ya majani au chini ya mti ulioanguka. Anasukumwa na uoga kuondoka kwenye ndoano. Hafi haraka kama watu wanavyodhani, ila huchoka, na ukimvuta nyuma anajaa maji. Natumia nikiwa nimekaa na kamba mkononi, kamwe si kwa mtego wa kulala.

5. Mtoni jiwe lipotee, ndoano ibaki

Maji ya Epulu ni ya rangi ya chai kwa majani ya msitu, na chini ni mawe. Mvua za Septemba hadi Novemba zikikolea, mto unabeba magogo. Ndoano iliyofungwa kwenye kamba moja na jiwe huishia kwenye mwanya wa mwamba, na unabaki ufukweni umeshika kamba iliyokatika.

Mtego ninaoutumia ni huu. Jiwe linakaa mwishoni kabisa. Juu yake, kama hatua moja, natoa tawi la kamba lenye urefu wa mkono, na ndoano iko kwenye tawi hilo. Chambo kinaelea juu ya mawe, hakiwezi kujificha chini. Jiwe lenyewe nalifunga kwa uzi wa gome la mgomba ulio dhaifu kuliko nailoni. Likinasa, navuta, uzi wa mgomba unakatika, nalipoteza jiwe. Mawe Epulu hayanunuliwi. Wanaopenda chubwi la risasi wabaki nalo ziwani. Mtoni ni pesa ya kutupa, na risasi ni sumu.

Kwa mongusu, anayekaa kwenye maji mafu ya pembeni na vijito vilivyojaa majani, jiwe halihitajiki kabisa. Nachomeka ukingoni mti mchanga unaopinda bila kuvunjika, kamba fupi, ndoano yenye chura mdogo au samaki aliyetobolewa mgongoni, na napima urefu ili chambo kiwe karibu sana na uso wa maji, kikipiga mkia usikie. Sauti ile ndiyo inamwita. Mti unapinda naye akivuta, unamchosha, na asubuhi unamkuta hai. Mti mgumu humpa nguvu ya kung'oa ndoano.

Halafu kuna nina, kambale wa umeme, mfupi, mnene. Hula chambo chochote. Mkamate kwa kamba iliyolowa uone. Kata tawi kavu, mkung'ute nalo, usimguse kwa kisu.

6. Ziwani kinachoharibu kazi ni matawi kukutana

Mgonzo ni kamba kuu, matawi yake, jiwe kila mwisho, na kidumu cha plastiki juu cha kuonyesha ulipo. Kwenye maelezo unaonekana rahisi. Lakini chambo hai hakikai mahali pamoja, na vyambo viwili jirani vikifikiana vinasokotana, vinakufa vyote viwili, na mtego mzima unageuka kitunguu. Urefu wa tawi lazima uwe chini ya nusu ya umbali kati ya tawi na tawi. Pale linapoungana na kamba kuu weka kile kipingili cha chuma kinachozunguka, kama unacho. Kama huna, funga tawi kwa kitanzi kinachocheza.

Kambale ana tabia ya kuzama. Akifika kwenye tope anajichimbia, na kapitene anapita juu bila kumwona. Dawa yake kule Tchomia ni kandambili. Soli ya kandambili iliyokwisha hukatwa vipande, kila kipande kikafungwa kwenye tawi karibu na ndoano, kikubwa kiasi cha kumzuia chambo asiguse chini, kidogo kiasi cha kumwacha ashuke na kupanda. Ukubwa wake unajaribiwa kwenye maji ya miguuni, chambo mmoja mmoja, kabla ya kuondoka. Vijana huona ni upotezaji wa wakati na kukata vipande vyote sawa kwa panga.

Kina ni uamuzi mwingine. Ziwa Albert si refu sana kwenda chini. Wastani wake ni mita 25 hivi. Lakini ukiteremsha mtego kwenye maji ya ndani unaweza kukutana na kapitene wa pili, yule wa macho makubwa, Lates macrophthalmus, ambaye haishi ziwa jingine lolote duniani. Huyo ni mdogo. Anayetaka mkubwa asogee karibu na miamba na majani, atege jioni, akusanye alfajiri. Na jiwe la nanga liwe zito kuliko unavyoona inatosha. Ziwa limegawanywa kati ya nchi mbili na mpaka haujachorwa juu ya maji. Mgonzo uliohamishwa na upepo usiku, asubuhi unaweza kuwa na mwenyewe mwingine.

7. Ndoano ya duara inataka mikono itulie

Ndoano ya J unaijua. Samaki anameza, unanyakua kamba, ncha inaingia. Ya duara ncha yake imegeukia ndani, inautazama mti wake, na mtu anayeiona mara ya kwanza huapa haiwezi kumchoma hata panya. Inavyofanya kazi: samaki anameza, anageuka kuondoka, kamba inakaza, ndoano inateleza kutoka kooni bila kushika kitu mpaka ifike pembe ya mdomo, pale inajizungusha na kuingia. Ukiinyakua kwa nguvu unaitoa mdomoni kabla haijafika kwenye pembe. Ni ya mtu mvumilivu, au ya mtu aliyelala.

Kwenye mgonzo sote tumelala, ndiyo maana naipendelea huko. Kapitene aliyeshikwa pembe ya mdomo anaishi majini mpaka alfajiri. Aliyemeza ndoano ya J hadi tumboni hufa usiku, na joto la kule chini ya milima linamlainisha kabla pirogi haijafika. Wenye friji Bunia hubonyeza nyama kwa kidole na bei inashuka mbele yako. Hata bondo, kile kibofu cha hewa kinachokaushwa na kupelekwa China kwa bei inayozidi ya nyama, huharibika likitobolewa na ndoano iliyoingia tumboni.

Ila angalia usiuziwe ndoano ya duara iliyopindishwa ubavuni. Ilaze mezani: ikilala bapa, sawa. Ncha ikisimama pembeni, faida yake kubwa imepotea, itashika kooni kama nyingine. Na chambo kitobolewe mahali pembamba, midomoni au juu kabisa mgongoni, kwa sababu ndoano ya duara ina uwazi mdogo kuliko unavyodhani.

Mtoni, nikiwa na kamba mkononi, nabaki na J. Mkono wangu umezoea kunyakua na sioni haja ya kugombana nao.

8. Waya wa chuma ni kwa mwenye meno tu

Mdomo wa kapitene hauna meno ya kukata. Pitisha kidole ndani utasikia msasa, maelfu ya vijino vidogo vinavyokwaruza nailoni polepole. Wembe wake uko kwenye kifuniko cha mashavu, na huo ndio unaokata kamba akitikisa kichwa. Nailoni nene kwa urefu wa mkono mmoja kabla ya ndoano inatosha, na kila asubuhi naipitisha katikati ya vidole. Nikisikia imekwaruzika nakata kipande hicho na kufunga upya.

Samaki aitwaye mbenga ni habari nyingine. Meno yake yako nje hata mdomo ukifungwa, naye anakata nailoni ya unene wowote. Kwake unahitaji waya. Lakini waya mzito unambebesha chambo mzigo, hupinda, na kapitene hauvumilii. Anayeniambia anataka mgonzo wa kuwakamata wote wawili namwambia achague mmoja, halafu ananinunia.

Fundo: kwa ndoano ya kichwa bapa, zungusha kamba kwenye mti mara saba au nane juu ya kitanzi, loweka kwa mate, kisha kaza. Nailoni iliyokazwa ikiwa kavu hujichoma yenyewe na kupoteza nguvu. Fundo likae upande wa ndani, upande wa ncha, ndipo ndoano ivute ikiwa imenyooka.

9. Ukubwa wa ndoano ndio ukubwa wa soko la kesho

Ndoano ndogo na chambo kidogo hukamata kapitene wadogo, wengi, haraka. Ndiyo maana zinanunuliwa. Kwenye Ziwa Victoria nchi tatu zilikubaliana sangara wa kuchukuliwa awe kati ya sentimita 50 na 85: wadogo wabaki wakue, wakubwa wabaki wazae. Kipimo hicho si cha kubahatisha, maana majike huchelewa kukomaa kuliko madume. Kwa mvuvi wa ndoano kukifuata si kazi ngumu. Panua uwazi wa ndoano, ongeza urefu wa chambo, na wadogo hawatakiweza. Wa nyavu za macho madogo hana nafasi hiyo ya kuchagua, na wa sumu hana kabisa. Nimeona kijito baada ya majani ya sumu kupondwa na kumwagwa: hata vyambo vyangu vya mwezi uliofuata vilikuwa vinaelea.

Huku Epulu, kabla ya kutega, uliza walinzi wa hifadhi, wale wa ICCN, ni wapi panaruhusiwa. Usingoje wakuulize wewe.

10. Msimu wa chambo una wenyewe

Desemba hadi Februari mvua hupungua, vijito hushuka, na akina mama wa Kimbuti huingia msituni na watoto. Wanaziba kijito juu na chini kwa magogo, majani na udongo, kisha wanayachota maji ya katikati kwa mabakuli na majani mapana mpaka samaki wabaki wanaruka kwenye tope: ngolo wadogo, mongusu wadogo, kaa. Hakuna mahali pengine nitakapopata chambo cha namna hiyo, kikubwa na kidogo, chote hai, chote cha maji yale yale.

Lakini samaki hao ni chakula cha jioni ile. Wakishaingia kwenye kapu lililofunikwa majani, safari yao ni chungu au moshi. Kwa hiyo naenda kabla kijito hakijazibwa, namsalimu mama mkubwa wa kundi, nakubaliana naye bei, chumvi na sabuni zikiwamo, na naacha ndoo yangu kwake ikiwa na maji ya kijito. "Unataka wa kidole?" ananiuliza. Namwonyesha kijiti cha muhogo. Wa unene huo wanaingia ndooni. Wanaozidi ni wa watoto wake.